Diwani aitwe kabla hesabu hazijafungwa

Jioni moja ya Oktoba nilikwenda maktaba ya mji huu mdogo wa kaskazini mwa Uingereza kurudisha vitabu vya watoto, nikakuta mlangoni tangazo la kikao cha kamati ya madiwani kuhusu bajeti, na wananchi wamekaribishwa kusikiliza. Niliingia nikakaa nyuma. Diwani mmoja, mama wa rika la shangazi zangu, alikuwa amezungushia kwa penseli fungu la kumwaga chumvi barabarani wakati wa barafu. Alitaka kujua kwamba njia ya mlimani ikiondolewa, basi la wanafunzi litapita wapi. Ofisa wa fedha aliliandika swali lake, akaahidi kurudi kikao kijacho na hesabu mbili za kulinganisha. Juu ya kila ukurasa paliandikwa "rasimu". Mwaka wa fedha wa huku huanza tarehe 1 Aprili, na sheria huitaka halmashauri iwe imepanga kodi yake kabla ya tarehe 11 Machi, kwa hiyo mama yule alikuwa na miezi kadhaa ya kuuliza, kujibiwa na kuuliza tena.

Nilitoka pale na furaha iliyochanganyika na uchungu, kwa sababu nilimkumbuka baba yangu mdogo, aliyekuwa diwani kwetu Tanzania kwa vipindi viwili. Usiku wa kuamkia baraza la bajeti alikuwa akikaa sebuleni, kabrasha nene mapajani, akipekua kurasa kuitafuta kata yake. Kabrasha lenyewe lilikuwa limemfikia jioni ileile. Mwaka mmoja alikuwa anatafuta zahanati ambayo wananchi walifyatua matofali wenyewe, wakapandisha boma hadi kwenye lenta, likanyeshewa masika mawili bila bati. Hakuiona. Kata ilikuwa imepangiwa jengo jipya mahali pengine, na alipouliza barazani alijibiwa kwamba ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha ambacho halmashauri inaruhusiwa kupanga, umekwisha kugawanywa na takwimu zimekwisha kuingizwa kwenye mfumo. Kabla ya saa nane mchana bajeti ilikuwa imepita.

Tofauti ninayoizungumzia, basi, ni ya tarehe: diwani huziona hesabu lini?

Najua nitaambiwa kwamba nimeondoka na sasa nimegeuka mwalimu wenu. Sisemi kwamba huku wamefaulu katika kila jambo. Halmashauri ya jiji la Birmingham ilitangaza Septemba 2023 kwamba haiwezi kumudu majukumu yake ya kifedha, na madiwani wake walikuwepo. Kumwita diwani mapema hakuzalishi fedha. Tena kwetu tuna utaratibu ninaojivunia kila ninapowasimulia watu wa huku: Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaoanzia kwenye kitongoji na mtaa, kisha mapendekezo yanafika kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani mwenyewe. Ndiyo maana nakasirika. Wananchi wanakaa juani, wanapanga vipaumbele, muhtasari unapelekwa halmashauri, halafu kazi ngumu kuliko zote, ile ya kuamua kipi kibaki na kipi kikatwe ukomo unapofika, inafanywa na wataalamu peke yao. Diwani anaitwa tena wakati wa kunyoosha mkono.

Wengine husema madiwani wetu hawawezi kusoma bajeti, kwa kuwa sheria inawataka wajue kusoma na kuandika tu. Lakini mtu anayepewa kurasa mia kadhaa kwa usiku mmoja hataielewa hata akiwa mhasibu. Mpe rasimu Novemba, afisa mipango amweleze fungu kwa fungu, na Februari atauliza maswali yenye uzito. Kuhusu maboma, ni yeye atakayemfundisha afisa mipango, ambaye pengine amehamia wilayani mwaka huohuo.

Hoja iliyo nzito zaidi ni kwamba kila diwani atavutia kwenye kata yake. Ni kweli, watavutana. Ila hata sasa wanavutana, tena dakika za mwisho, pakiwa pamebaki vipande vya kugawana, na matokeo yake ni kila kata kupata msingi wa jengo lisilokwisha. Wakivutana mapema, hesabu zikiwa wazi mezani, wanaweza kukubaliana kwamba mwaka huu tumalize zahanati mbili na mwaka ujao zamu iende kwa wengine. Huko ndiko kupanga, na diwani aliyeshiriki atakuwa na la kuwaeleza wapiga kura wake waliosubiri.

Wala sidai vikao vipya vyenye posho mpya. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hukutana kila mwezi. Mwongozo wa bajeti na ukomo vikishafika, viwe ajenda ya kwanza ya kikao kinachofuata, kabla tarakimu hata moja haijaingizwa kwenye PlanRep, ule mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri, na nakala ya rasimu ipelekwe kwa kila diwani siku hiyohiyo.