Kahawa ya miaka mingi, mkataba wa miaka mitatu: kazi ya mtafiti wa vinasaba Nyanda za Juu Kusini

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, mjadala uleule huanza upya katika familia za Mbeya, Iringa na Njombe. Mtoto amefaulu PCB (fizikia, kemia na baiolojia) vizuri. Akasome udaktari, au aende Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma baiolojia ya molekuli na bioteknolojia, au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kusoma bioteknolojia na sayansi za maabara? Wazazi wengi huegemea udaktari, maana njia yake inaonekana tangu mwanzo hadi mwisho. Walimu wa baiolojia, na mara nyingi watoto wenyewe, hujibu kwamba tiba, mbegu na hata kesi za mahakamani siku hizi zinaamuliwa na vinasaba (DNA, maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya kila kiumbe), na nchi isiyo na watu wa kuvisoma itaendelea kusomewa na wengine.

Hoja zote mbili zina ukweli. Mzazi anayeogopa ana sababu ya kuogopa, na mwalimu anayehimiza ana sababu ya kuhimiza. Ninachokiona mimi kinapita katikati yao: kazi ya mtafiti wa vinasaba inadai miaka mingi, lakini ajira yake inahesabiwa kwa miezi. Mengi tunayoyalalamikia kuhusu fani hii yanaanzia hapo.

Mbeya haijaanza jana katika mambo haya. Kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kimekuwapo tangu katikati ya miaka ya 1990, kikikua kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Munich cha Ujerumani na taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani ya Walter Reed. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanawake waliofanya kazi kwenye baa mkoani Mbeya walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, na sampuli zao za damu zikaonyesha kwamba aina A, C na D za VVU zinazunguka hapa kwa pamoja, zinakutana ndani ya mwili wa mtu mmoja na kuzaa virusi mchanganyiko. Kwa anayetafuta chanjo, hiyo ni habari nzito. Kipimo cha GeneXpert cha kifua kikuu, ambacho leo kinatajwa kwa jina hadi kwenye hospitali za wilaya, kilikuwa kati ya vilivyopimwa ubora wake Mbeya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011, muda mfupi baada ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kukiidhinisha Desemba 2010.

Upande wa mashariki wa jiji iko Uyole, kituo kilichojengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki na ambacho sasa kiko chini ya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Tanzania. Mkulima wa Mbozi au Wanging'ombe huenda hajawahi kulisikia neno jenetiki, yaani elimu ya vinasaba, lakini Uyole 96 na Njano Uyole anazijua kwa rangi na kwa mapishi. Maharage hayo yalitoka kwa watu waliochagua mimea msimu baada ya msimu, wakitupa mingi na kubakiza michache.

Tuseme mtafiti anataka maharage ya njano yanayopendwa sokoni yaweze kustahimili ugonjwa wa madoa pembe. Anayachavusha na aina nyingine yenye ukinzani. Bila maabara, anasubiri watoto wa mimea hiyo wakue, anawaambukiza ugonjwa, anaangalia majani, anachagua, anapanda tena. Akiwa na maabara, anakata kipande kidogo cha jani la mche wenye wiki chache, anakisaga ndani ya kimiminika, anakizungusha kwa kasi kwenye mashine ya sentrifuji hadi vinasaba vijitenge, kisha anaviweka kwenye mashine ya PCR, inayonakili kipande cha vinasaba mara nyingi hadi kionekane, pamoja na vitendanishi (kemikali za kupimia) vinavyotafuta sehemu moja tu, ile inayokaa jirani na jeni ya ukinzani. Baada ya saa chache anajua. Mche usio na jeni hiyo unang'olewa kabla haujachanua, na shamba linabaki na mimea inayostahili kuangaliwa. Kazi ya miaka minane au kumi inapungua kwa misimu kadhaa. Na niseme wazi, kwa sababu watu huchanganya: hii si GMO, yaani zao lililobadilishwa vinasaba. Hakuna jeni ya kigeni iliyopandikizwa popote, ni uchaguzi uleule wa mbegu uliofanywa kwa macho makali zaidi.

Vijana wa kuifanya kazi hiyo tunao. Lakini katika taasisi nyingi za Afrika njia rahisi imekuwa kukausha majani, kuyafunga vizuri na kuyatuma maabara ya nje, halafu kusubiri majibu kwa barua pepe. Wanaotetea njia hii wana hesabu mkononi: maabara kubwa inapima maelfu ya sampuli kwa siku, kwa gharama ndogo kwa kila sampuli, wakati hapa kitendanishi kimoja kinaweza kukwama bandarini au uwanja wa ndege hadi kiharibike. Siwezi kuibeza hesabu hiyo. Ila kijana aliyesoma kwa miaka ili aielewe PCR anaishia kuwa fundi wa kufunga bahasha, na mashine iliyonunuliwa kwa mradi wa zamani inakaa kimya kwa sababu hakuna anayeitumia mara kwa mara. Ujuzi wa maabara ni wa mikono. Usipoutumia kwa mwaka mmoja, unauanza upya.

Sasa tuangalie muda. Miradi mingi ya utafiti huja kwa miaka miwili, mitatu, ikibahatika mitano. Kule Mbimba, Mbozi, ambako TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, ina kituo chake, mche wa kahawa uliopandwa leo unahitaji kama miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno ya maana, na kuzalisha aina mpya inayohimili magonjwa ya chule buni na kutu ya majani ni kazi inayopita umri wa mtumishi mmoja kazini. Misonobari ya Sao Hill, Mufindi, huvunwa baada ya miaka ipatayo ishirini. Wanasayansi wanaochunguza vinasaba vya mazao kama haya, wakiajiriwa kwa miradi mifupi, hawafiki kuona jibu la swali lao. Mradi unafungwa kahawa inapoanza kuzaa.

Hata hivyo watetezi wa miradi wanastahili kusikilizwa, na wengi wanaowalaumu wafadhili hawajakaa chini kufikiria mbadala wake. Maabara zilizopata ithibati za kimataifa katika ukanda huu hazikujengwa kwa bajeti ya kawaida ya wizara. Wengi wa wenye shahada za uzamivu za fani hii walilipiwa na miradi. Mradi una tarehe, una ripoti, una mkaguzi anayekuja kuangalia kama friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri iliandikiwa joto lake asubuhi na jioni. Nidhamu hiyo imewalea watafiti wazuri. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na Tanzania bado haijafika huko. Anayesema wafadhili waondoke hajasema nani atanunua vitendanishi kesho.

Lakini mradi unaweza kufa bila kosa la mtu yeyote. Jaribio la chanjo za VVU la PrEPVacc, ambalo Mbeya ilishiriki pamoja na vituo vingine vya Tanzania, Uganda na Afrika Kusini, lilisitisha uchanjaji mwishoni mwa 2023 baada ya kuonekana kwamba hakukuwa na matumaini ya chanjo hizo kuzuia maambukizi. Hayo ni matokeo halali na dunia imejifunza. Kuna pia kifo cha aina nyingine. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, Mei mwaka huohuo NIH, taasisi ya taifa ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, ikatangaza kusitisha utaratibu wa kupitisha ruzuku kwa taasisi za nje kupitia wabia wao wa Marekani, na ilipofika Julai 1 USAID, shirika la misaada la Marekani, ikawa imefungwa. Watafiti wa Afrika waliokuwa katikati ya kazi walijifunza kwamba uamuzi uliofanywa Washington unaweza kuamua kama sampuli zilizokusanywa vijijini zitapimwa au zitabaki kwenye friza.

Wapo wanaosema: basi waende nje, huko sayansi ina heshima. Mimi simlaumu anayeenda, na lugha ya kuwaita wasaliti inanikera. Lakini picha ya ughaibuni nayo inahitaji ukweli. Katalin Karikó, ambaye utafiti wake wa mRNA (molekuli inayoziambia seli protini ya kutengeneza) ulizaa chanjo za Uviko-19, alishushwa cheo Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1995 kwa kukosa ruzuku, na Nobel ikaja 2023. Emmanuelle Charpentier, aliyepata Nobel ya kemia mwaka 2020 pamoja na Jennifer Doudna kwa kubuni njia ya kuhariri vinasaba iitwayo CRISPR, alihamahama kikazi katika nchi tano. Mikataba mifupi ni ugonjwa wa fani hii dunia nzima. Tofauti ni kwamba anayekosa mkataba Boston au Berlin anaweza kupata maabara nyingine kwa kupanda basi. Anayekosa mkataba Mbeya, maabara inayofuata ya aina yake iko Dar es Salaam, Ifakara, Mwanza au Moshi. Anahama na familia, au anaiacha.

Kwa wanawake mzigo huu ni mzito zaidi, na naona unazungumzwa kidogo mno. Miaka ya kumaliza uzamili, kutafuta uzamivu na kuruka mkataba hadi mkataba ndiyo miaka ileile ya kuzaa na kulea. Likizo ya uzazi ya siku 84 ndani ya mkataba wa mwaka mmoja ni karibu robo ya mkataba. Mkuu wa maabara anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini wakati wa kuongeza mikataba anahesabu nani amemaliza sampuli ngapi. Tunawapoteza watafiti wazuri kimyakimya hapo, na baadaye tunawakuta wanafundisha sekondari au wanauza vifaa vya hospitali. Kazi hizo ni za heshima, ila si walizosomeshwa kwa gharama kubwa namna ile.

Je, jibu ni ajira za kudumu za serikali? Hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki zangu wengi. Ajira ya kudumu inampa mtu utulivu wa kuuliza swali la miaka kumi, na kwa kahawa, chai na misitu hakuna njia nyingine. Lakini tumeona pia upande wa pili: afisa utafiti mwenye mshahara kila mwezi na kabati la vitendanishi lililo tupu. Anakuja kazini, anahudhuria semina, anaandika maandiko ya kuomba fedha, na baada ya miaka mitano mikono yake imesahau pipeti, kifaa cha kupimia vimiminika. Mshahara bila fedha ya utafiti unamfuga mtafiti, haumwezeshi. Nikilazimishwa kuchagua kati ya nafasi kumi mpya zisizo na bajeti ya maabara na nafasi nne zenye bajeti ndogo ya uhakika kila mwaka, nachagua nne, ingawa najua vijana sita watabaki nje na hasira zao zitakuwa za haki.

Sera nayo ina mkono wake. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliagiza majaribio ya mahindi ya GMO ya Makutupora, Dodoma, yasimamishwe, na Januari 2021 Waziri wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kusitishwa kwa majaribio ya aina hiyo nchini. Wanaounga mkono uamuzi huo wanahofia mkulima mdogo kufungwa na kampuni za mbegu, na hofu hiyo haipaswi kudharauliwa katika mikoa inayolisha nchi. Lakini kijana aliyekuwa akijenga uzoefu kwenye eneo hilo aliona mlango ukifungwa kwa tamko moja. Serikali ina haki ya kukataa zao fulani lisiuzwe. Kuwanyima watu wake nafasi ya kulichunguza kunaifanya iamue kwa kutegemea taarifa za wengine, na hilo sikubaliani nalo.

Kuna dalili nzuri. Vifaa vimeshuka ukubwa na bei. Kifaa cha MinION cha kusoma vinasaba, kinachoenea kiganjani na kuchomekwa kwenye kompyuta mpakato, kimetumiwa na watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda kutambua virusi vya mihogo hukohuko shambani. Bado kinahitaji vitendanishi vya kuagizwa na kutunzwa kwenye baridi, ila kimevunja dhana kwamba kazi hii lazima ifanyike Ulaya.

Kwa taasisi za ukanda huu naona hatua moja isiyosubiri Bunge wala kibali cha ajira kutoka Utumishi. Makubaliano ya kila mradi mkubwa yawe na kipengele cha fedha za kuvuka: sehemu ya gharama za uendeshaji zinazolipwa kwa taasisi iwekwe akiba ya kuwalipa watafiti wachache muhimu kwa miezi sita hadi kumi na miwili baada ya mradi kwisha, wamalize uchambuzi, waandike makala wakiwa wa kwanza kwenye orodha ya majina, na waombe ruzuku inayofuata kwa swali lao wenyewe. Mfadhili atauliza kwa nini amlipe mtu ambaye mradi wake umefungwa. Aambiwe kwamba sampuli alizozilipia bado ziko kwenye friza, na anayejua kila chupa ilichukuliwa kwa nani, lini, na kwa ridhaa ipi, ni huyo anayetaka kumwachisha kazi.