Mpiga gitaa akiugua saratani, tamasha lisubiri

Mji kama Kigoma ukisikia mwanamuziki wake kaugua saratani, jambo la kwanza kupangwa ni tamasha. Bango linatengenezwa, picha ya mgonjwa kitandani inabandikwa, na juu yake tarakimu nono: milioni 30, milioni 50. Sisi tunaona tamasha liwe la mwisho kwenye orodha, na tarakimu isitajwe kabisa mpaka majibu ya kinyama, yaani kipande cha uvimbe kinachopimwa maabara, yatoke.

Kinyama kisipopimwa, daktari hawezi kusema ni saratani ya aina gani, na bila picha za CT hajui imefika wapi. Mwimbaji mwenye uvimbe mdogo kwenye koromeo anaweza kutibiwa kwa mionzi peke yake; aliyechelewa atahitaji mionzi pamoja na dawa za dripu, au upasuaji. Gharama hazikaribiani. Mkitangaza milioni 50 zikatosha 8, watu watauliza zilizobaki ziko kwa nani. Mkitangaza 8 zikahitajika 20, mkirudi mara ya pili hakuna wa kuwasikiliza. Kwa hiyo mchango wa kwanza uwe mdogo na uwe na kazi inayojulikana: kinyama, vipimo vya damu, picha, na nauli ya kutoka hospitali ya Maweni, Kigoma, kwenda Bugando ya Mwanza au Ocean Road ya Dar es Salaam. Huo unamalizwa ndani ya bendi na ukoo, bila bango.

Halafu tuangalie pesa inaishia wapi. Wengi wanadhani ni kwenye dawa. Mionzi ya kichwa na shingo hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa kawaida wiki 6 hadi 7. Dripu nyingi huenda kwa mzunguko wa siku 21, na kabla ya kila dozi damu inapimwa. Chembe nyeupe za damu zikiwa chini, mgonjwa anaambiwa arudi wiki ijayo. Mtu wa Ujiji hawezi kurudi nyumbani kusubiri hiyo wiki. Anabaki Mwanza au Dar es Salaam na mwangalizi wake, wanalipa chumba, wanakula, wanapanda daladala. Tuseme wawili hao wanatumia 25,000 kwa siku. Siku 49 ni 1,225,000, na hapo hamjaweka nauli wala wiki ya kuahirishwa. Bima inaweza kubeba dawa, na asiye na uwezo anaweza kupata msamaha kupitia ustawi wa jamii, lakini hakuna bima inayomlipia mwangalizi ugali. (Barua ya msamaha kutoka serikali ya mtaa ichukuliwe kabla ya safari. Kuifuata ukiwa tayari Mwanza ni usumbufu usio na sababu.)

Akikatisha mionzi wiki ya nne kwa sababu kodi ya chumba imekwisha, hasara ni kubwa kuliko siku alizokosa. Uvimbe wa shingo ukipewa mapumziko huanza kukua tena, na kuongeza siku mwishoni hakurudishi chote kilichopotea. Ndiyo maana tunasema pesa ya kujikimu ikusanywe kwanza na ikae pembeni, isichanganywe na ya dawa.

Kwa mwanamuziki kuna vifungu viwili ambavyo kamati nyingi haziviweki kwenye bajeti. Sisplatini, dawa inayotumika sana kwa saratani za shingo, inaweza kuharibu usikivu, kuanzia sauti nyembamba za juu, na kuacha mlio masikioni. Paklitakseli huweza kutia ganzi vidoleni, na mpiga gitaa la solo bila vidole abaki na nini? Kipimo cha usikivu kabla ya dozi ya kwanza kiwekewe pesa, na mgonjwa amwambie daktari waziwazi kwamba muziki ndiyo kazi yake. Wakati mwingine dawa mbadala ipo, wakati mwingine haipo, ila swali huulizwa kabla ya dripu kuwekwa. Kama mionzi itapita tayani, daktari wa meno amwone kwanza, kwa sababu kung'oa jino baada ya mionzi kunaweza kuacha mfupa usiopona.

Sasa namna ya kuchangisha. Ujuzi tunao tayari: kamati ya harusi. Mwenyekiti, mweka hazina, daftari la ahadi, vikao vya Jumapili, na yule mama asiyeona haya kumpigia mtu simu mara tatu. Tofauti ni kwamba harusi ina tarehe moja na matibabu yana miezi, basi ahadi iwe ya mwezi. Watu 60 kwa 10,000 kwa miezi 8 ni 4,800,000. Msiihesabu hiyo, wengine watachoka. Pangeni kwa watu 40, yaani 3,200,000, ziada ikija ni akiba.

Tarehe ya kudai ifuate mfuko wa mchangiaji. Mwalimu analipwa mwisho wa mwezi. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi au Katonga anavua kwa taa kwenye giza, mbalamwezi ikiwaka hana kitu, na ukimpigia siku hizo unamfedhehesha bure. Ziwa Tanganyika likifungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, ahadi za wavuvi wa mwaloni zihamishwe kabla au baada.

Laini ya simu ndipo penye aibu nyingi. Isiwe ya mgonjwa: akifariki, pesa inaingia kwenye mirathi. Isiwe yenye deni la Songesha, mkopo wa M-Pesa, maana kila mchango ukiingia unakatwa kwanza. Jina lililosajiliwa liandikwe kwenye tangazo ili anayetuma alilinganishe na linalotokea kwenye simu, kwani matapeli hunakili bango na kubadili namba tu. Kikundi cha M-Koba, akaunti ya pamoja ya kikundi kwenye M-Pesa, ni bora zaidi: mweka hazina hatoi pesa mpaka wenzake waidhinishe. Hospitali ya serikali ilipwe moja kwa moja kwa kumbukumbu namba (control number) yenye tarakimu 12. Mnaokoa ada ya kutolea na risiti inabaki. Risiti hiyo iwekwe kwenye kundi la wachangiaji baada ya kufuta namba ya faili na jina la ugonjwa. Picha ya kidonda haina kazi huko.

Tamasha? Lifanyike mwezi wa tatu au wa nne wa michango, ahadi zinapolegea, na kwa sharti kwamba ukumbi, vyombo, jenereta na mafuta vimelipiwa na mfadhili kabla tiketi ya kwanza kuuzwa. Bila hivyo mtajikuta mmemtibu mwenye spika. Njia isiyo na gharama ni bendi rafiki kutenga wimbo mmoja kila onyesho, na chochote watakachotunzwa kwenye wimbo huo kiende kwa mgonjwa. Mirabaha, yaani malipo ya haki za nyimbo zake, ifuatiliwe, ila isiingizwe kwenye bajeti mpaka iwe mkononi.

Kikao cha kwanza kiandike pia pesa ikibaki itakwenda wapi, akipona au akifariki: ada za watoto, safari za kliniki ya marudio, au mgonjwa mwingine. Mgonjwa mwenyewe atie saini, akiwa bado na nguvu ya kusoma anachosaini.