Klasta itasimamiwa, programu itabaki yako

Kontena ni mchakato wa kawaida wa Linux. Naanza na jambo hilo kwa sababu mafunzo mengi huliruka, yakampeleka mwanafunzi moja kwa moja kwenye faili za YAML, yaani faili za mipangilio, za Kubernetes, mfumo wa kusimamia makontena mengi, naye akabaki kunakili mistari asiyoielewa. Orodhesha michakato kwenye seva inayoendesha makontena na utaikuta programu yako humo, pamoja na nyingine zote. Ila kerneli, kiini cha mfumo endeshi, imeizungushia mipaka: haioni michakato wala mafaili ya wenzake, ina mtandao wake, na kupitia cgroups, utaratibu wa kerneli wa kugawa rasilimali, imewekewa kikomo cha RAM na cha muda wa prosesa. Mashine pepe hubeba mfumo endeshi mzima; kontena huazima kerneli ya seva lilipo, ndiyo maana huwaka haraka mno. Ndiyo maana pia ufa wa kiusalama kwenye kerneli huwa tatizo la makontena yote yaliyo juu yake.

Mbinu zenyewe ni za zamani. Unix ilikuwa na chroot, njia ya kuufungia mchakato kwenye folda moja, tangu 1979, na cgroups, kazi iliyoanzishwa na wahandisi wa Google mwaka 2006, ziliingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2008. Docker, zana ya kujenga na kuendesha makontena, ilipotoka mwaka 2013, kilichowavuta watu, kwa maoni yangu, ni imeji: programu, maktaba zake na mafaili inayoyategemea vikafungwa pamoja kwa matabaka, kisha vikapelekwa kwenye rejista, yaani ghala la imeji, ambako seva yoyote yenye ruhusa inaweza kuvivuta.

Kontena moja halimsumbui mtu. Kazi huanza yakiwa mengi, kwenye seva kadhaa. Likifa, nani ataliwasha? Seva ikizimika usiku wa manane, yaliyokuwa humo yahamie wapi? Google walikuwa wakiyajibu maswali hayo kwa miaka kupitia mfumo wao wa ndani uitwao Borg, na uzoefu huo ukachangia kuzaliwa kwa Kubernetes, iliyotangazwa Juni 2014 na kufikia toleo la 1.0 Julai 2015. Wazo lake nalipenda sana. Huiambii hatua za kufuata. Unaiandikia hali unayoitaka, tuseme nakala tatu za programu hii, nayo hailali: inalinganisha ulichoandika na kilichopo, na kila ikiona pengo inaliziba.

Kuiendesha mwenyewe ni habari nyingine. Kuna etcd, kanzidata inayotunza hali yote ya klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama kitu kimoja, na ukitaka istahimili kupotea kwa mashine moja unahitaji angalau tatu. Kuna seva ya API, mlango wa kupokelea maagizo yote, kuna kipangaji kinachoamua podi (kontena moja au zaidi yanayokaa pamoja) ikae nodi ipi (seva ipi ya klasta), kuna vyeti vya usalama ambavyo, ukitumia kubeadm, zana ya kusimika klasta, bila kubadilisha kitu, vingi huisha muda baada ya mwaka mmoja. Haya yote ndiyo yanayobebwa na huduma za wingu zinazokusimamia klasta: GKE ya Google, EKS ya Amazon na AKS ya Microsoft. Kwa timu ndogo sioni sababu ya kukesha na etcd wakati kuna watu ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku. Hapo sina kigugumizi.

Ninachopinga ni imani kwamba baada ya hapo kazi imekwisha. Kampuni ya wingu inahakikisha Kubernetes iko hai. Haijui programu yako inahitaji RAM kiasi gani. Usipoandika kiasi inachohitaji, kipangaji kitaipanga kwa kubahatisha. Ukiandika kikomo kidogo mno, kerneli itaiua mara tu inapokivuka. Utaona msimbo wa kutoka, namba inayoachwa na mchakato unapokufa, 137, yaani 128 kuongeza 9, na 9 ni ishara ya kuua papo hapo. Kubernetes itaiwasha tena, itauawa tena, na kwa mtazamaji wa haraka podi itaonekana iko kazini huku idadi ya kuwashwa upya ikipanda na watumiaji wakikatiwa maombi yao katikati. Anayejua kwamba kontena ni mchakato wenye kikomo ataelewa namba hiyo mara moja. Asiyejua atailaumu kampuni ya wingu.

Vipimo vya uhai vinanitia hofu zaidi. Mtu anaandika kipimo kinachouliza programu kama iko hai, na ndani yake anaunganisha kanzidata. Siku kanzidata inapozidiwa, vipimo vyote vinafeli kwa pamoja, na Kubernetes, ikitii ilichoambiwa, inaua podi ambazo hazikuwa na kosa lolote. Zinapowaka upya zinaikimbilia kanzidata ileile kwa pamoja. Kipimo cha uhai kiulize tu kama mchakato wenyewe umekwama. Suala la kanzidata liachwe kwa kipimo cha utayari, ambacho huiondoa podi kwenye trafiki bila kuiua.

Halafu kuna matoleo. Kubernetes hutoa matoleo matatu kwa mwaka, na kila moja hutunzwa na jamii yake kwa takriban miezi 14. Kampuni ya wingu itapandisha sehemu yake. Faili zako za YAML ni juu yako. Toleo la 1.22, mwaka 2021, liliondoa API za zamani za Ingress, kanuni za kuelekeza trafiki inayotoka nje, na la 1.25, mwaka uliofuata, likaondoa PodSecurityPolicy, kanuni za usalama wa podi. Timu isiyosoma maelezo ya toleo kabla ya kupandisha klasta inacheza na huduma ya watu.

Kwa hiyo, mwenye programu moja na kanzidata moja, ushauri wangu ni asianze na klasta kabisa. Huduma kama Cloud Run ya Google hupokea imeji na kuiendesha bila wewe kugusa nodi hata moja, na kanzidata iwekwe kwenye huduma yake maalumu, nje ya makontena. Muda utakaookoa, utumie kuijua imeji yako: ina nini ndani, inakula RAM kiasi gani ikizidiwa, na inazimikaje inapoombwa kuzima. Umbizo la imeji limesanifishwa chini ya OCI (Open Container Initiative), mpango ulioanzishwa mwaka 2015, kwa hiyo siku huduma zitakapoongezeka hadi klasta iwe na maana, imeji hiyohiyo itahamia huko bila kujengwa upya.