Nani anaandika hivi viwango vya kaboni?

Kuna makala nimesoma, mwandishi wake anasema viwango vikikazwa basi soko la hiari la kaboni, yaani pale kampuni zinaponunua krediti kwa hiari yao kufidia uchafuzi wao, litaaminika, sawa, lakini mi nauliza nani anakaa mezani viwango vikiandikwa? Krediti moja ni tani moja ya hewa ukaa iliyopunguzwa au kuondolewa, na hiyo tani haiwekwi kwenye mzani, kwa miradi ya misitu inakadiriwa kwa kulinganisha na kile ambacho kingetokea mradi usingekuwepo, yaani msitu ungekatwa kiasi gani. Ukikuza hilo kadirio tu, krediti zinazaliwa kibao.

Sasa angalieni malipo jamani: mkaguzi analipwa na mwenye mradi, na masijala kama Verra, yaani shirika linalosajili miradi na kutoa krediti, inachukua ada kwa kila krediti inayotolewa. Kila mtu hapo anafaidika krediti zikiwa nyingi! Ndo maana nilifurahi ICVCM, baraza huru linalosimamia ubora wa krediti kwenye soko hili la hiari, walipotoa kanuni zao 2023, halafu 2024 wakazinyima muhuri wao wa ubora mbinu za zamani za kuhesabu miradi ya umeme jadidifu, maana mingi ingejengwa hata bila hela ya kaboni.

Ila haki haiishii kwenye hesabu. Wanaoishi na huo msitu wanaambiwa wasilime wasikate, mkataba wa miaka mingi, na mara nyingi hata bei ambayo krediti inauzwa mwisho wa safari hawaijui. Kiwango kisichomlazimisha muuzaji kutangaza bei na mgao wa jamii mi sikikubali, na mkaguzi alipwe kupitia mfuko wa pamoja, sio mwenye mradi ajichagulie anayemtaka.