Banda la upepo lenye kiyoyozi

Mtoto wa ami yangu ana kipande cha shamba la urithi upande wa Bububu, hapa Unguja: minazi kumi na kitu, mwembe mmoja mzee, na ufukwe wa kutosha kuegesha ngalawa mbili. Wiki iliyopita kanitumia ramani ya banda la kupungia upepo analotaka kulijenga karibu na bahari. Nikaifungua kwenye simu. Kuta tatu za vioo, paa la zege, dari ya jipsamu, na pale kwenye kona mchoraji kaweka kisanduku kidogo: kiyoyozi.

Kiyoyozi, ndani ya banda la kupungia upepo! Nilicheka mpaka chai ikanipalia, kisha nikaudhika, na mpaka leo sijatulia.

Nikampigia kumuuliza upepo utapita wapi. "Dada, siku hizi watu hawakai joto," akanijibu, kama mtu anayemwelewesha bibi yake. Nikamwambia Jumamosi aje anichukue, twende Mtoni, kwenye magofu ya jumba la Sayyid Said, sultani wa zamani wa Zanzibar. Mtu huyu hupita pale kila siku ya Mungu akienda mjini, na hajawahi kuingia hata mara moja.

Tulikuta kundi la wageni na kijana mmoja anawasimulia. Masuria, masuria, masuria. Ndiyo hadithi yetu ya magofu yote: Maruhubi ni masuria 99 wa Sayyid Barghash, mwanawe Said aliyetawala baadaye, Kidichi ni mke wa Kiajemi wa Said na hamamu yake, na Mtoni ni mchanganyiko wa yote. Ukisikiliza utadhani nyumba hizi ziliota zenyewe usiku mmoja ili wanawake wapate pa kuoga. Nani alichoma chokaa, upepo uliingilia wapi na joto likatokea wapi, hakuna anayeuliza.

Na hakuna aliyetaja bendile, banda la upepo la Mtoni.

Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844, na katika kumbukumbu zake zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886 anaisifu sehemu hiyo kuliko nyumba yenyewe. Bendile lilikuwa mbele ya jumba, karibu kabisa na bahari. Duara pana, la mbao tupu: nguzo, sakafu, kingo, mpaka dari iliyopinda kama hema, vyote vimepakwa rangi. Mwenyewe analifananisha na pembea kubwa ile ya kuzunguka. Ndani yake mlikuwa na viti vya mwanzi, na darubini moja ya kutumia yeyote anayetaka kutazama vyombo vinavyoingia. Hapo ndipo Sayyid Said alipokunywa kahawa na mkewe Bibi Azza bint Seif na watoto wakubwa. Na hapo ndipo alipokuwa akitembea peke yake kwa masaa, kichwa kainamisha, akichechemea kidogo kwa risasi iliyompata pajani vitani.

Mimi picha hiyo hunigusa kila nikiikumbuka. Mtu ana jumba la mawe lenye watu chungu nzima na ua wenye swala na tausi, kisha fikra zake nzito anazipeleka kwenye banda la mbao lisilo na ukuta.

Hakwenda pale kwa urembo tu. Ukuta wa mawe ya matumbawe ni mnene, unakunywa jua mchana kutwa na usiku unalitapika. Mbao hazina uwezo wa kuweka joto kiasi hicho. Jua likizama, nazo zinapoa. Dari ikipinda kwenda juu, hewa ya moto inapata pa kukimbilia mbali na vichwa vya watu. Na duara halina mgongo! Kusi ikivuma, kaskazi ikivuma, hakuna upande wa kusema huu umezibwa. Sasa weka kioo pande tatu uelekee magharibi, bahari yote inakumulika saa kumi jioni, halafu ununue mashine ya kupambana na jua ulilolialika mwenyewe. Huo tunauita usasa.

Haya, najua mtakachoniandikia. Mbao huoza, na mchwa wa Unguja hawana adabu. Kweli: bendile halipo, na Maruhubi ilipoungua mwaka 1899 zilibaki nguzo za mawe, roshani ya mbao ikaenda na moto. Na kuna la pili, zito zaidi, nalo sina ujanja nalo. Kahawa ile iliyonywewa kwa utulivu ililipiwa na karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Upepo ule haukuwa wao. Siwezi kusifu banda nikajifanya silijui hilo.

Kidichi nako, mkienda, acheni kidogo hadithi ya binti wa Kiajemi, mguse ukuta. Ile chokaa iliyochongwa maua na ndege inapumua. Unyevu unaingia na kutoka. Fundi wa leo ukimwachia peke yake ataibandika saruji, na miaka michache baadaye ukuta unatoka majipu ya chumvi. Najua kwa sababu nilifanyiwa hivyo nyumbani kwangu, na nikalipa.

Basi, tukasimama pale Mtoni upande wa bahari, maji yanajaa. Kofia ya ndugu yangu ikapeperuka, akaikimbilia mpaka karibu na maji. Aliporudi alikaa kimya kidogo, akauliza, "Na mvua ya kupepea ikija?"

"Unaingia ndani. Sayyid naye aliingia ndani."

Jana usiku katuma ramani mpya. Vioo vimeondoka vyote isipokuwa kimoja, ambacho anasema ni cha mkewe. Paa limekuwa la makuti, limechongoka. Kona bado ziko nne, kwa sababu fundi kasema duara lina bei yake. Kiyoyozi sikukiona. Nikavuta picha kwa vidole viwili, nikaangalia dari vizuri.

Kaweka feni.