Tabora nayo iliwahi kutengeneza sarafu
Makala yenu inaeleza kwamba sarafu zilizotumika nchini mwetu tangu enzi za ukoloni zililetwa kutoka ng'ambo, jambo ambalo ni kweli kwa sehemu kubwa, lakini mmeisahau Tabora. Mwaka 1916, Waingereza walipokuwa wameifunga bahari na fedha kutoka Ujerumani haziwezi kufika, Wajerumani walitengeneza sarafu katika karakana ya reli mjini humo: za shaba za Heller 20, ambalo ndilo jina lililotuachia neno "hela", na za rupia 15 zenye picha ya tembo, zilizotokana na dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Na karne nyingi kabla ya hapo, masultani wa Kilwa walikuwa wakitoa sarafu zao wenyewe za shaba. Naomba makala irekebishwe.