Lady Audley hakuwa mwendawazimu

Wiki iliyopita, kwenye mjadala wa vitabu, msomi mmoja ninayemheshimu aliulizwa ni waandishi gani wa Uingereza ya Malkia Victoria wanaostahili kusomwa leo. Akataja Dickens, Thackeray, Trollope na Hardy. Dada mmoja akauliza, na wanawake je? Akajibu kwamba wapo akina Brontë na George Eliot. Waliobaki waliandika hadithi za mapenzi za kupitisha muda. Watu wakaitikia kwa vichwa, mada ikapita. Mimi ilinikaa rohoni.

Hao “waliobaki” ni akina nani? Ni Mary Elizabeth Braddon, mwenye riwaya zaidi ya 80. Ni Ellen Wood, ambaye East Lynne yake ilikataliwa na wachapishaji Chapman and Hall kwa ushauri wa George Meredith, mwandishi mwenzake, kisha ilipotoka mwaka 1861 ikagombewa na wasomaji kwa miaka mingi. Ni Margaret Oliphant, mjane aliyewalea watoto wake na wa kaka yake kwa kalamu. Ni Rhoda Broughton, ni Charlotte Riddell. Haiwezekani wote hawa wafagiliwe kwa sentensi moja.

Nichukue kitabu kimoja tu, Lady Audley's Secret cha Braddon, cha mwaka 1862. Ambaye hajakisoma anisamehe, maana nitaifichua siri yenyewe.

Lucy Graham ni mwalimu wa nyumbani kwa daktari mmoja kijijini. Mkabaila mjane mwenye umri wa baba yake, Sir Michael Audley, anamposa. Msichana anapiga magoti na kumwambia wazi kwamba amekuwa maskini maisha yake yote, hivyo asimtake ajifanye haoni faida ya ndoa hiyo. Ni ukurasa unaouma. Mapenzi, tabaka na njaa vyote vimo chumbani wakati mmoja, na aliye maskini ndiye pekee anayethubutu kuvitaja.

Lucy anakubali, anakuwa Lady Audley. Kumbe alikwisha kuolewa. Mumewe, George Talboys, aliondoka kwenda Australia kutafuta dhahabu bila hata kuaga, akamwacha na mtoto mchanga, na kwa miaka 3 na nusu hakuleta barua. Lucy akamwachia baba yake mtoto, akabadili jina, akaenda kutafuta kazi. Braddon anatuonyesha hayo kwa kitu kidogo sana. Wakili Robert Audley, anayemchunguza mke wa ami yake, anapata sanduku la kofia lenye karatasi za anwani zilizobandikwa moja juu ya nyingine. Anaibandua ya “Miss Graham”, na chini yake inatokea ya “Mrs George Talboys”. Ndoa nzima imefunikwa kwa gundi.

Sasa tuiweke sheria mezani. Sheria ya talaka ya 1857 ilimruhusu mume kumwacha mkewe kwa kosa la uzinzi peke yake. Mke alitakiwa athibitishe uzinzi wa mumewe na juu yake kosa jingine, kama ukatili au kumtelekeza kwa miaka 2. Kutelekezwa peke yake hakukumpa ruhusa ya kuolewa tena. Kwa hiyo Lucy afanye nini? Sitetei yote aliyoyafanya. George aliporudi na kumtambua, Lucy alimtumbukiza kisimani, na kumtumbukiza mtu kisimani ni kumtumbukiza mtu kisimani. Lakini soma sura ambayo Robert anamwita daktari bingwa kutoka London, Mosgrave, ili athibitishe kwamba huyu mwanamke ana wazimu. Daktari anasikiliza, kisha anasema hauoni. Alikimbia nyumba isiyo na raha akitumaini kupata iliyo bora: wazimu uko wapi? Akaolewa mara ya pili apate mali na cheo: wazimu uko wapi? Halafu anakaa naye faragha kwa muda mfupi, anatoka na kutamka kwamba ni mwanamke wa hatari. Barua inaandikwa, na Lady Audley anapelekwa kufungiwa Ubelgiji maisha yake yote, bila hakimu wala ushahidi, kwa sababu kesi ingeaibisha ukoo.

Mtu akiniambia hiyo ni hadithi ya kupitisha muda, namuomba kwa heshima akaisome tena.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Ellen Wood anahubiri mno na kwamba Oliphant anarefusha. Maktaba za kukodisha kama ya Mudie zilitaka riwaya ya juzuu tatu, nao walikuwa na watoto wa kulisha. Nakubali pia kwamba Oliphant mwenyewe aliwashambulia akina Braddon katika jarida la Blackwood's mwaka 1867. Inanisikitisha hadi leo, hasa kwa kuwa miaka 16 baadaye aliandika Hester, riwaya ya mwanamke anayeiokoa benki ya familia wanaume walipoivuruga. Kwa hasira kuhusu pesa na jinsia, hakuzidiwa na yeyote kati yao.

Na sisi wa Kiswahili? Enzi za Victoria zilitufikia kwa Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Ni vitabu vizuri, nimevipenda tangu utotoni, lakini vyote viwili ni vya wanaume wanaofuata mali ng'ambo. Braddon alibaki na mke aliyeachwa nyumbani na mtoto bila senti, akauliza anaishije. Pwani yetu na bara yetu, wangapi wanalijua swali hilo kwa majina ya mama zao? Kitabu chenyewe hakina tena hakimiliki, kinapatikana bure Project Gutenberg. Namtafuta mtafsiri. Aanze na sura ya posa, na mimi niko tayari kusoma rasimu zake usiku na mchana.